Kaa nyumbani, lakini kodi atalipa nani?

*Kafyu ilishaondolewa na barakoa zimesahaulika. Makala haya yanarudi katika miezi ya corona nchini Kenya kutazama amri za kuokoa maisha zilivyoangukia mitaa ya walalahoi, na ni nani aliyelipa gharama yake.*

Ijumaa ya Machi 27, 2020, jua likiwa bado juu, kivuko cha Likoni kilikuwa kimefurika watu. Kafyu ya kwanza ingeanza saa moja jioni hiyo. Kila anayechuma riziki kisiwani Mombasa na kulala ng'ambo ya kusini alikuwa mbioni kuwahi feri: kibarua wa bandarini, mama fua anayetoka Tudor, mpishi wa hoteli, kijana wa duka la nguo. Foleni ya watembeao kwa miguu ndiyo iliyokuwa haisogei, kwani abiria walitakiwa waachiane nafasi na feri zisijazwe kama kawaida.

Polisi walifika na marungu na vitoa machozi. Video zilizosambaa jioni hiyo zilionyesha watu wakichapwa, wakipigwa mateke na kulazimishwa kulala chini wakiwa wamebanana. Wengine walikohoa na kufikicha macho kwa viganja vile vile walivyoambiwa wiki nzima wasivipeleke usoni. Mpiga picha wa runinga aliyekuwa akinasa tukio hilo naye hakusazwa.

Saa moja ilikuwa haijafika. Hakuna aliyekuwa amevunja kafyu, kwa sababu kafyu ilikuwa haijaanza.

Haki zilibaki kwenye karatasi

Kisa cha kwanza cha corona nchini Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akafunga shule, na Machi 25 akatangaza kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwezi Aprili eneo la Nairobi, na kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale, zikafungwa: asiingie mtu wala asitoke. Mwezi Mei ikawa zamu ya Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa, tena katikati ya Ramadhani, wakati ambao muuza tende na muuza kanzu hutegemea kupata akiba ya mwaka.

Wengi husahau kwamba Kenya haikutangaza hali ya hatari. Katiba ya 2010, kifungu cha 58, inaruhusu hatua hiyo kwa masharti makali, na Bunge lina sauti ya kuirefusha au kuikataa. Serikali ilipita njia nyingine, ya Sheria ya Utulivu wa Umma na Sheria ya Afya ya Umma.

Kwa hiyo kifungu cha 43, kinachompa kila mtu haki ya matibabu, makao, chakula, maji safi na elimu, hakikusimamishwa hata siku moja. Kifungu cha 25 nacho hulinda watu dhidi ya mateso na ukatili, na kinga hiyo haipunguzwi kwa sababu yoyote, hata nchi ikiwa vitani. Rungu la Likoni halikuwa na pa kujificha katika vitabu vya sheria.

> Kenya haikutangaza hali ya hatari. Kisheria, haki za mkazi wa Mathare zilikuwa zile zile za mkazi wa Muthaiga.

Chama cha Wanasheria kilikimbilia Mahakama Kuu siku chache tu baada ya kafyu kuanza. Uamuzi wa Jaji Weldon Korir wa Aprili 16, 2020 uliwapa pande zote mbili kitu cha kushika. Kafyu yenyewe, alisema, ni halali, kwani serikali ina wajibu wa kulinda uhai. Nguvu kupita kiasi zilizotumiwa na polisi ndizo zilizokiuka Katiba, na polisi wakaagizwa watoe mwongozo wa namna ya kutekeleza amri hiyo.

Futi kumi kwa kumi

Amri za afya zilikuwa tatu na zilirudiwa redioni mchana kutwa: kaa nyumbani, nawa mikono, acha mita moja na nusu kati yako na mwenzako. Ukizisoma taratibu utaona kila moja ina kitu inachokidai kwanza. Ya kwanza inadai akiba, ya pili inadai bomba, ya tatu inadai vyumba.

Chumba cha kawaida cha mabati katika mitaa ya mabanda ya Mathare au Mukuru, Nairobi, ni futi kumi kwa kumi. Kina kitanda, pazia la kutenga kitanda hicho, jiko, ndoo, na usiku hulaza watu watano au sita. Choo ni cha ploti nzima. Wakati huo maji yalinunuliwa kwa mtungi wa lita 20, shilingi tano siku njema. Mfereji ukikauka, bei ilipanda mara mbili hata mara nne. Tuseme watu sita wananawa mara kumi kwa siku, kila mmoja akitumia lita moja kila mara. Hiyo ni mitungi mitatu kabla hujateleka sufuria wala kufua nepi.

Saa za kafyu nazo zilimwangukia nani? Mboga hushushwa Marikiti, Nairobi, kabla ya mapambazuko. Mama mboga anayefika saa kumi na mbili hukuta zilizosinyaa, kwa bei ya dalali. Jioni ndiyo saa ya muuza chapati, samaki wa kukaanga, mutura na viazi karai, watu wanaporudi kutoka kazini wakiwa na njaa na shilingi hamsini mfukoni. Kati ya saa moja na saa tatu usiku hupatikana kodi ya nyumba na karo ya shule. Aliyepanga saa zile sidhani amewahi kuuza viazi karai.

Wala hawa si wachache. Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa Kenya wamo katika jua kali na kazi nyingine zisizo rasmi. Hawana barua ya ajira, likizo ya ugonjwa, wala mtu wa kumwambia afanyie kazi nyumbani.

Rais alipotangaza nafuu ya kodi mwezi Machi, aliyepata mshahara usiozidi Sh24,000 alisamehewa kodi ya mapato yote, kiwango cha juu kikashushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, na VAT ikatoka 16 hadi 14. Zilikuwa hatua njema kwa mwenye hati ya mshahara. Mama fua hana hati ya mshahara, na waajiri wake wengi walimpigia simu wiki ile ile kumwambia asije mpaka mambo yatulie. Nafuu iliyomgusa moja kwa moja ilikuwa ndogo kuliko zote: kuondolewa ada ya kutuma pesa za chini ya Sh1,000 kwa simu.

Mwenye cheo na asiye nacho

Shirika la Human Rights Watch lilisema watu wasiopungua sita waliuawa na polisi katika siku kumi za kwanza za kafyu. Mmoja wao ni mwendesha bodaboda wa Pwani aliyepigwa baada ya kumpeleka mama mjamzito hospitalini. Mwingine alikuwa mvulana wa miaka 13, aliyepigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumbani kwao Kiamaiko, Nairobi, polisi wakiwafukuza watu barabarani chini.

Rais aliomba radhi kwa taifa Aprili 1. Radhi hiyo haikuizuia mikono ya polisi. Kufikia mwanzo wa Juni, mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ilikuwa imepokea malalamiko 87, na ilikuwa ikihusisha vifo 15 na polisi katika kutekeleza kafyu. Mwaka uliofuata, Agosti 2021, ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, walikamatwa wakifunga biashara yao usiku, kisha maiti zao zikapatikana mochari. Maafisa sita walishtakiwa kwa mauaji.

Pamoja na hayo, weka kisa cha Julai 2020. Johnson Sakaja, aliyekuwa seneta wa Nairobi na mwenyekiti wa kamati maalumu ya Seneti kuhusu corona, alikamatwa kwenye baa mtaa wa Kilimani saa za kafyu. Alijiuzulu uenyekiti, akafika mahakamani, akakiri kosa na kutozwa faini ya Sh15,000. Hivyo ndivyo sheria inavyotakiwa kufanya kazi: kituo cha polisi, karatasi ya mashtaka, hakimu, risiti. Mwaka 2022 wapiga kura walimchagua gavana. Mwendesha bodaboda yule hakufika mbele ya hakimu.

Karantini ya kulipia

Waliorudi kutoka ng'ambo mwishoni mwa Machi 2020 walipelekwa karantini ya lazima, kwa gharama yao. Mabweni ya serikali yalitoza karibu Sh2,000 kwa siku. Kwa siku 14 hiyo ni Sh28,000, yaani kodi ya miezi tisa ya chumba cha mabati cha Sh3,000. Si wote walioshuka kwenye ndege walikuwa matajiri. Wengine walikuwa wafanyakazi wa nyumbani kutoka Ghuba na wanafunzi waliochangiwa nauli.

Kisha karantini ikageuzwa adhabu. Waliokamatwa usiku walipelekwa huko wakachanganywa na waliokuwa wakingoja majibu ya vipimo. Mmoja akipatikana na virusi, wenzake wa bweni huanza kuhesabu siku upya, na deni nalo huongezeka. Mwezi Aprili watu wakaonekana wakiruka ukuta wa kituo kimoja jijini Nairobi. Mwezi Mei serikali ilitangaza kwamba itabeba gharama za vituo vyake.

Kufikia hapo hasara ilikuwa imeshaingia mtaani. Mtu anayejua kwamba kupimwa kunaweza kumgharimu Sh28,000 na kazi juu yake, hatapimwa, na akiulizwa alikutana na nani atasema alikuwa peke yake. Waliohudumia wagonjwa wa Ukimwi walilijua hili miaka mingi kabla: ukimtisha mgonjwa, unamficha.

> Mtu anayejua kwamba kupimwa kunaweza kumgharimu Sh28,000, hatapimwa.

Tingatinga wakati wa "kaa nyumbani"

Mei 4, 2020, tingatinga ziliingia Kariobangi North, Nairobi, katika ardhi inayodaiwa na kampuni ya maji ya jiji. Wakazi walikuwa na agizo la mahakama la kusimamisha ubomoaji. Nyumba zilibomolewa, soko pia, na maelfu ya watu wakabaki nje wakati wa mvua za masika. Siku chache baadaye ukafuata ubomoaji wa Ruai. Wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliitaka serikali isitishe ubomoaji mara moja.

Hapa hakuna hoja ya afya inayoweza kusimama. Serikali iliyokuwa ikiwapiga watu kwa kuwa nje usiku iliwaondolea maelfu ya watu mahali pa kuwa ndani.

Ubomoaji wa rejareja ulikuwa wa wenye nyumba. Katika mitaa mingi mpangaji aliyechelewa kulipa alirudi akakuta mlango umeng'olewa au mabati ya paa yameezuliwa. Ni rahisi kuwalaani, na wanastahili. Lakini katika mitaa hii mwenye nyumba mara nyingi ni mjane mwenye vyumba sita vya mabati na mkopo wa chama, ambaye hakuna aliyemsimamishia mkopo wala kumsamehe bili ya stima. Benki ziliruhusiwa kuwarefushia wakopaji wao muda wa kulipa. Nafuu hiyo iliishia hapo.

Hoja ya serikali

Tuwape haki yao waliokuwa na kalamu. Machi 2020 walikuwa wakitazama hospitali za Italia zikilemewa, huku wakijua kwamba Kenya ina vitanda vichache mno vya wagonjwa mahututi na kwamba vingi viko Nairobi na Mombasa. Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alisimama mbele ya kamera siku baada ya siku kuonya kwamba ugonjwa huu hautaki mzaha. Maskini ndiye angekuwa wa kwanza kukosa oksijeni, na uhai nao ni haki, iliyo kifungu cha 26.

Hoja hiyo ina nguvu kwa majuma ya kwanza. Ila kafyu, ingawa saa zake zilibadilishwa mara kadhaa, iliendelea hadi Oktoba 20, 2021, karibu miezi 19. Katika muda huo feri ziliendelea kujaa na matatu kubeba watu, na mikutano ya kampeni za BBI, mpango wa kubadilisha Katiba, na za urais wa 2022 ilikusanya maelfu mchana kweupe.

Pale serikali ilipotaka, ilijenga. Daraja linaloelea la Liwatoni, la watembea kwa miguu kwenda ng'ambo ya Likoni, lilipatikana ndani ya miezi michache na kufunguliwa mwanzoni mwa 2021, kwa sababu ya msongamano ule ule ulioitiwa vitoa machozi.

Majirani walichagua njia zao. Tanzania, chini ya Rais John Magufuli, haikuwafungia watu. Mama lishe wa Dar es Salaam aliendelea kupika na machinga kutembeza. Lakini takwimu za taifa zilisimama kwenye wagonjwa 509 tangu Mei 2020, na vyombo vya habari viliadhibiwa. Leseni ya mtandaoni ya gazeti la Mwananchi ilisimamishwa kwa miezi sita mwaka huo. Maskini wa huko aliachiwa kibarua chake, akanyimwa habari za hatari anayoendea.

Uganda ilizuia usafiri hata wa magari binafsi, na kwa majuma kadhaa mama mwenye uchungu wa kuzaa alihitaji kibali cha mwakilishi wa rais wilayani ili apande gari. Shule za huko zilikaa bila kufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Kenya ilirudisha madarasa ya mtihani Oktoba 2020 na wengine wote Januari 2021. Kwa miezi hiyo tisa sehemu ya masomo ilikuwa kwenye intaneti, na katika nyumba yenye simu moja, anayeondoka nayo ni baba.

Daftari la mzee wa mtaa

Fedha za kuwasaidia maskini zilitengwa, Sh10 bilioni. Jijini Nairobi familia zilizochaguliwa zilipaswa kutumiwa Sh1,000 kwa wiki kwa simu. Uchaguzi ulifanywaje? Machifu, wazee wa mtaa na wasimamizi wa Nyumba Kumi, mpango wa ulinzi wa majirani, waliandika majina. Uchunguzi wa Human Rights Watch uliochapishwa Julai 2021 ulikuta sehemu ndogo tu ya familia zenye dhiki zikiwa zimepata chochote, na jamaa na marafiki wa walioshika kalamu wakiwa mbele ya orodha. Malipo yalikatika Novemba 2020. Vigezo havikubandikwa mahali, kwa hiyo aliyeachwa hakuwa na pa kukatia rufaa.

Mpango wa serikali wa vibarua kwa vijana, Kazi Mtaani, ulikuwa afadhali. Vijana walisafisha mitaro na kujenga vyoo katika mitaa yao wenyewe, wakalipwa kwa siku, na awamu ya pili ililenga vijana zaidi ya 270,000. Uliwahi kuchelewesha malipo, lakini angalau kijana alijua anadai nini.

Wakati daftari la mzee wa mtaa likifungwa, daftari jingine lilikuwa wazi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, alitoa ripoti maalumu Septemba 2020 kuhusu ununuzi wa vifaa vya corona katika mamlaka ya dawa ya taifa, KEMSA. Ununuzi wa Sh7.8 bilioni ulikuwa na kasoro: zabuni za moja kwa moja, bei za juu kuliko za soko, bidhaa zilizojaa maghalani. Wauguzi walikuwa wakigoma kwa kukosa glavu.

> Sh1,000 ya mama fua ilihitaji sahihi ya mzee wa mtaa. Zabuni ya mamilioni ilihitaji barua tu.

Chanjo nazo zilifuata mkondo huo. Oktoba 2020 India na Afrika Kusini zililiomba Shirika la Biashara Duniani kulegeza hataza ili viwanda vingi zaidi vitengeneze chanjo na dawa. Nchi tajiri zilivutana nazo mpaka Juni 2022, na kilichopitishwa kilikuwa mabaki ya ombi. Shehena ya kwanza ya Kenya, dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca, ilitua Machi 2021. Novemba mwaka huo, kukiwa na chini ya mtu mmoja kati ya kumi aliyekamilisha chanjo, Wizara ya Afya ilitangaza kwamba asiyechanjwa asihudumiwe katika ofisi za serikali kuanzia Desemba 21. Mahakama Kuu iliizuia amri hiyo wiki moja kabla haijaanza.

Kilichobaki mezani

Kamati ile ya Seneti kuhusu corona iliandaa Mswada wa Kukabiliana na Majanga ya Maradhi wa mwaka 2020. Ulikuwa na kifungu cha mpangaji aliyeshindwa kulipa kwa sababu ya janga: akae na mwenye nyumba, waandikiane namna deni litakavyolipwa, badala ya mlango kung'olewa. Mswada huo haukufika kuwa sheria.

Dunia nayo ilikubaliana Geneva, Mei 2025, kuhusu mkataba wa majanga ya maradhi. Mkataba huo unazungumzia chanjo, vipimo na usambazaji wake. Kodi ya chumba cha Mathare haimo, wala haikutarajiwa kuwamo. Hiyo ni kazi ya Bunge la Nairobi.

Mpox ilipogunduliwa Kenya Julai 2024, katika mpaka wa Taveta, haikuhitaji kafyu, na hilo lilikuwa bahati. Lakini mpango wa kudumu wa fedha za serikali kwa wasiojiweza, Inua Jamii, huwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi, walezi wa yatima na wenye ulemavu mkubwa, Sh2,000 kwa mwezi. Mama fua wa miaka 35, mwenye afya, watoto watatu na kazi iliyokoma kwa simu moja, hamo katika kundi lolote kati ya hayo. Mwaka 2020 alikwenda kwa mzee wa mtaa. Kwa sheria zilizopo leo, huko ndiko atakakokwenda tena.